Kaa, Mfalme Mdogo na Nyuso za Askari Waliozama

Askari aliyezoea lindo la usiku huzijua nyota, hata kama hakufundishwa majina yake. Katika miezi ya Machi na Aprili, mnamo saa tatu za usiku, akitazama juu sana, upande wa kaskazini kidogo, ataona nyota moja nyeupe yenye kung'aa. Waarabu waliiita Moyo wa Simba, na kwa Kilatini yaitwa Regulus, maana yake mfalme mdogo. Upande wa magharibi wa nyota hiyo pana mahali penye kiza, penye vinyota hafifu ambavyo jicho lililochoka haliwezi kuviona. Hapo ndipo ilipo buruji ambayo wanajimu wa Kiswahili huiita Saratani. Wengi wetu twalijua neno hilo kuwa ni jina la maradhi, lakini asili yake katika Kiarabu ni kaa, yule mnyama wa majini mwenye magando. Katika buruji zote 12 hakuna iliyo hafifu kuliko hii.

Kaa na mfalme, basi, ni majirani huko juu. Je, kaa alifikaje mbinguni? Wayunani wa kale walisimulia kwamba shujaa wao Herakles alitiwa chini ya amri ya Mfalme Eurystheus, mtu mwoga aliyempa kazi ngumu moja baada ya nyingine. Kazi ya pili ilikuwa kuliua joka la Lerna, lililokuwa na vichwa vingi. Kila kichwa kimoja kilipokatwa, vilichipuka viwili. Vita vilipopamba moto, Hera, malkia wa miungu, aliyemchukia Herakles, alimtuma kaa atoke kinamasini akamwume shujaa mguuni. Kaa hakuuliza kisa cha ugomvi ule. Alitoka, akauma, akakanyagwa, akafa. Hera akamweka mbinguni kuwa malipo ya utii wake. Naye Herakles aliporudi na ushindi, mfalme alikataa kuihesabu kazi ile, ati kwa sababu alisaidiwa na Iolaos, mwana wa ndugu yake. Mmoja alitii akapewa mahali pa kiza. Mwingine alishinda akanyimwa hesabu. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa wakubwa.

Hadithi ya Wayunani ni fupi, wala wao hawakujishughulisha sana na kaa wao. Lakini mashariki ya mbali, katika bahari ya Japani, yuko kaa mwingine ambaye watu wamekataa kumsahau, maana mgongoni mwake huonekana uso wa askari. Habari za kaa huyo, na za mfalme mdogo aliyezama pamoja na askari wake, ndizo tunazotaka kuwasimulia wasomaji wetu leo.

KAA WA HEIKE

Wajapani humwita kaa wa Heike. Ni mdogo sana; gamba lake lapata kiasi cha sentimita 2 au 3 tu, sawa na sarafu kubwa. Hukaa chini, penye mchanga na matope. Miguu yake ya nyuma imepindukia mgongoni, naye huitumia kushikilia kombe tupu ambalo hujifunika nalo kama ngao, ili maadui wasimwone.

Akiondolewa kombe lile, ndipo watu hushtuka. Gamba lake lina matuta na mifereji iliyopangika hivi kwamba mtu huona macho mawili yaliyoinamia pembeni, pua pana, na mdomo uliokazwa kwa hasira. Ni uso wa samurai, yaani askari wa zamani wa Japani, kama wanavyochorwa katika picha na kuchongwa katika vinyago vya michezo ya kuigiza. Wavuvi wa huko walisema kwamba hao si kaa watupu, bali ni roho za askari wa ukoo wa Heike, waliozama katika bahari ile ile. Ili tuielewe imani hiyo, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka 800.

NYUMBA MBILI NA KITI KIMOJA

Katika karne ya 12, Mfalme wa Japani alikaa katika mji wa Kyoto. Aliheshimiwa kama mtu wa kizazi cha miungu, lakini nguvu za kutawala zilikuwa zikimtoka na kuingia mikononi mwa wenye silaha. Koo mbili zilishindana: ukoo wa Taira, ambao ndio huitwa pia Heike, na ukoo wa Minamoto, ambao huitwa pia Genji.

Mwaka 1160, Kiyomori, mkuu wa Heike, aliwashinda Genji. Kati ya mateka alikuwamo mvulana mmoja aitwaye Yoritomo, mwana wa adui yake mkubwa. Desturi ya vita vya siku zile ilikuwa kuwaua watoto wa namna hiyo. Lakini mama wa kambo wa Kiyomori alimwombea kijana yule, naye akahamishwa tu, akapelekwa mbali huko Izu. Ndugu yake mdogo, Yoshitsune, aliyekuwa bado mtoto mchanga, naye aliachwa hai. Kiyomori hakujua kwamba siku ile alikuwa amewahurumia watu watakaoufuta ukoo wake.

Baadaye Kiyomori alimwoza binti yake, Tokuko, kwa Mfalme Takakura. Mwaka 1178 akazaliwa mtoto wa kiume, Antoku. Babu hakuwa na subira. Mwaka 1180 Takakura aliondolewa, na mtoto huyo, aliyekuwa hajatimiza miaka 2, akatawazwa kuwa Mfalme wa Japani. Mwaka huo huo Yoritomo alitoka uhamishoni, akainua silaha. Vita vikaenea nchini kwa muda wa miaka 5.

Kiyomori alikufa kwa homa mwaka 1181. Yasimuliwa kwamba hakutaka kufanyiwa ibada. Alitaka kichwa cha Yoritomo kiletwe na kutundikwa mbele ya kaburi lake. Mwaka 1183 Heike walilazimika kuukimbia mji wa Kyoto, wakamchukua mfalme mdogo pamoja na vitu vitatu vitakatifu vya ufalme: kioo, upanga na johari. Huko nyuma Kyoto, ndugu wa Antoku, mtoto mwenzake wa miaka 3 tu, akatawazwa badala yake. Nchi moja ikawa na wafalme wawili, na wote wawili hawakuwa na umri wa kujua ni kitu gani kinachogombewa kwa majina yao.

SIKU YA DAN-NO-URA

Heike walishindwa Ichi-no-Tani mwaka 1184, wakashindwa tena Yashima mwanzoni mwa 1185. Mwishowe hawakubakiwa na nchi ya kukanyaga, ila merikebu zao tu. Tarehe 25 Aprili 1185, walikutana na Genji huko Dan-no-ura, katika mlango wa bahari ulioko kati ya kisiwa cha Honshu na kisiwa cha Kyushu. Mlango huo ni mwembamba sana, na maji yake huenda kwa nguvu kama mto, kisha hugeuka na kurudi yalikotoka, mara nne hivi kwa siku moja.

Heike walikuwa mabaharia hodari, na mwanzoni maji yalikuwa upande wao. Waliwasukuma Genji nyuma kwa mishale. Jemadari wao, Tomomori, alikuwa ameandaa hila nzuri: ile merikebu kubwa ya kifahari, ambayo kila adui angedhani ndimo alimo mfalme, ilijazwa askari; mfalme mwenyewe aliwekwa katika chombo kingine kisicho na mapambo. Genji wakiivamia ile kubwa, wangezungukwa.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mmoja wa wakuu wa Heike, Shigeyoshi, ambaye mwanawe alikwisha kutekwa na adui, alibadilika katikati ya mapigano. Aliteremsha bendera nyekundu za Heike, akaenda upande wa Genji, akawaonyesha ni chombo kipi alimo mfalme. Yasimuliwa kwamba Tomomori alikuwa amemshuku asubuhi ile, akaomba ruhusa ya kumwua, lakini mkubwa wake, Munemori, alikataa kwa kukosa ushahidi. Tena yasimuliwa kwamba wakati huo maji nayo yaligeuka. Sasa mkondo uliwabeba Genji, nao wakaanza kuwapiga mishale manahodha na wapiga makasia wa Heike, watu wasio na silaha. Vyombo vikakosa wa kuviongoza, vikaenda kokote maji yalikokwenda. Waswahili husema, kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Na hapo mambo yalikuwa yamekatika.

Tomomori alikwenda katika chombo cha mfalme, akawaambia wanawake kwamba yote yamekwisha. Bibi wa mfalme, Tokiko, mjane wa Kiyomori, alijifunga upanga mtakatifu kiunoni, akamkumbatia mjukuu wake. Mtoto akauliza wanampeleka wapi. Bibi akamwambia kwamba chini ya mawimbi nako kuna mji wa kifalme. Kisha akajitupa naye baharini. Mfalme wa Japani alikuwa na umri wa miaka 6.

Wengi walifuata. Tokuko, mama wa mfalme, alijitupa vilevile, lakini askari wa Genji walimnasa kwa nywele kwa upondo wenye meno, wakamtoa akiwa hai. Noritsune, aliyekuwa shujaa kuliko wote upande wa Heike, alimwinda Yoshitsune kutoka chombo hadi chombo. Alipomkosa, aliwakumbatia askari wawili wa adui, mmoja kila kwapa, akazama nao. Tomomori alivaa deraya mbili, ili uzito usimruhusu kuelea, akaruka. Kioo na johari vilipatikana. Upanga haukuonekana tena.

Kuhusu washindi, Yoshitsune, aliyeshinda siku ile, alihusudiwa na kaka yake Yoritomo, akafukuzwa nchi nzima, na mwaka 1189 akajiua alipozungukwa. Yoritomo alipewa cheo cha shogun, yaani jemadari mkuu, mwaka 1192. Tangu hapo mpaka mwaka 1868, kwa sehemu kubwa ya wakati huo, Japani ilitawaliwa na wenye silaha, na wafalme wakabaki na jina. Kiti ambacho kwa ajili yake mtoto alizamishwa kilikuwa kiti kisicho na nguvu.

SURA ILE ILITOKA WAPI?

Sasa na turudi kwa kaa. Je, ni kweli kwamba amebeba sura za askari wale?

Mwaka 1952 mtaalamu mmoja wa viumbe wa Uingereza, Julian Huxley, alitoa maelezo yaliyopendeza wengi. Alisema kwamba wavuvi, kwa heshima ya marehemu, waliwarudisha baharini kaa waliofanana na samurai, na kuwala wengine. Hivyo wenye sura wakaishi na kuzaa, na kizazi baada ya kizazi sura ikazidi kukamilika, kama vile mfugaji anavyochagua fahali wa mbegu. Mwaka 1980 Mmarekani Carl Sagan aliyarudia maelezo hayo katika kitabu chake na katika televisheni, na dunia nzima ikayasikia.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini yana kasoro, na askari wa upelelezi angeziona upesi kama angeuliza maswali yake ya kawaida. Je, wavuvi humla kaa huyu? Hawamli, ni mdogo mno, hana nyama, na wakimvua hutupwa, awe na sura au asiwe nayo. Je, ni kaa huyu tu mwenye alama hizo? La, ndugu zake katika bahari nyingine za Asia, ambako Heike hawakufika, wana alama kama hizo. Je, alama zilianza baada ya vita? La, mawe yenye mabaki ya kaa wa jamii hii, walioishi kabla ya binadamu yeyote kuwako, yanaonyesha umbo lile lile. Mwaka 1993 mtaalamu wa kaa, Joel Martin wa Marekani, aliyaeleza mambo haya kwa ukamilifu. Matuta yale ni alama za nje za mahali ambapo misuli imeshikana na gamba kwa ndani. Kaa hana habari ya Heike wala Genji. Sura haimo katika gamba; imo katika jicho la atazamaye.

Hili si jambo dogo kwa mtu ambaye kazi yake ni kulinda na kuchunguza. Jicho la binadamu limezoea kutafuta nyuso, nalo huziona katika mawingu, katika magome ya miti, na katika vivuli vya usiku. Shahidi aliyeingiwa na hofu huapa kwamba amemwona fulani, wala hasemi uwongo. Amemwona yule aliyekuwamo moyoni mwake. Kesi ya kaa wa Heike ilisimama kwa karne nyingi juu ya mashahidi waaminifu, ikaanguka kwa maswali matatu.

KIPOFU ALIYESIMULIA VITA

Hata hivyo, hatupendi msomaji adhani kwamba wavuvi wale walikuwa wajinga. Kwa nini watu wa pwani ile waione sura ya askari, wala si sura ya mfalme, wala ya mfanyabiashara? Kwa sababu lilikuwapo jambo ambalo halikuwatoka moyoni.

Baada ya vita, waimbaji vipofu walitembea nchini na zeze lao liitwalo biwa, wakisimulia habari za Heike kijiji kwa kijiji. Masimulizi hayo yakakusanywa yakawa kitabu kikubwa, Heike Monogatari, na nakala yake mashuhuri iliandikwa mwaka 1371 kwa maneno ya mwimbaji kipofu aitwaye Kakuichi. Yafaa kuangaliwa kwamba kitabu hicho chawaombolezea walioshindwa. Waliozama wamepewa ndani yake heshima ambayo washindi wengi hawakuipata.

Iko pia hadithi iliyochapishwa mwaka 1904 na Lafcadio Hearn katika kitabu chake Kwaidan, na mwanzoni mwake kaa hawa wametajwa. Yasema kwamba karibu na Dan-no-ura aliishi kipofu aitwaye Hoichi, hodari wa kupiga biwa. Usiku mmoja askari mwenye deraya alikuja akamwongoza hadi mbele ya mkutano mkubwa wa mabwana, akaamriwa aimbe habari za vita vya Dan-no-ura. Alipofika mahali pa bibi na mtoto, wote walilia kwa sauti kuu. Akaalikwa tena usiku uliofuata. Watumishi wa hekalu walipomfuata, walimkuta peke yake makaburini katika mvua, akipiga zeze mbele ya kaburi la Mfalme Antoku, na mioto ya mashetani imemzunguka. Kasisi akamwandika maneno matakatifu mwili mzima ili mizimu isimwone, lakini masikio yakasahauliwa. Askari yule aliporudi aliona masikio mawili tu yakielea hewani, akayang'oa akaenda nayo kwa bwana wake.

Hadithi ni ya kutisha, lakini kiini chake ni huzuni. Mizimu ile haikuja kudai kiti cha ufalme, wala kulipiza kisasi kwa Genji. Ilikuja kusikiliza. Ilitaka habari yake isimuliwe mpaka mwisho, na mtu anayeijua vizuri.

WALIO NA MAJINA NA WASIO NAYO

Leo, katika mji wa Shimonoseki, ukingoni mwa mlango ule wa bahari, lipo hekalu la Akama, lililowekwa kwa ajili ya Antoku. Uani mwake mna kaburi la mfalme yule mdogo, sanamu ya Hoichi na zeze lake, na mawe ya ukumbusho ya wakubwa wa Heike, Tomomori na Noritsune wakiwa miongoni mwao. Juu ya maji limepita daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1973, na chini yake meli za mizigo hungoja mkondo ugeuke, kama zilivyongoja merikebu za siku ile.

Mawe yale yametaja mabwana. Manahodha na wapiga makasia waliouawa mikono mitupu, kwa sababu tu mtu asiye na nahodha haendi vitani, hawana jiwe. Wala askari wa kawaida, waliozama kwa mamia ili watoto wawili wagombanishwe juu ya kiti kimoja, hawakuandikwa na mtu. Pengine ndiyo maana wavuvi, ambao nao walikuwa watu wa makasia, waliwatafutia mahali katika gamba la kaa, kwa kuwa kitabuni hapakuwa na nafasi.

Bahari haina kumbukumbu, wala gamba halijui ni nani aliyekufa. Elimu imetuthibitishia hivyo. Basi kazi hiyo yabaki kwa walio hai: kuandika jina la kila aliyeanguka, mahali alipoangukia na siku yenyewe, awe jemadari au mpishi wa kikosi, dereva au mbeba risasi, na kuwaambia mke wake na wanawe ukweli wa mambo yalivyokuwa. Daftari ya kikosi iliyoandikwa kwa uaminifu ina thamani kuliko kaa elfu. Kwa maana kaa wa Heike, pamoja na sifa zake zote, ana uso tu. Na wale watu wa Dan-no-ura, kabla hawajawa uso, kila mmoja wao alikuwa na jina aliloitwa na mama yake.